Ujumbe Uliobaki Mlangoni

Hapa Calabar, mtu akitaka kukutukana bila kupandisha sauti, atakuuliza kama chakula kiliisha kwenu kabla hujaolewa. Bibi harusi mwembamba ni aibu ya ukoo mzima. Watu wataangalia shingo yake kwanza, kisha watamwangalia mama yake.

Ndiyo maana Mama Atim Ekpenyong aliheshimiwa. Nyumba yake iko mkabala na kibanda changu cha mawese, na kwa miaka yote niliyouza mafuta nimeona wasichana wakiingia chumba chake cha nkuho, cha kunenepeshea maharusi, wakiwa vijiti na kutoka wakiwa wanawake wa kutembea polepole. Aliwalisha, akawakanda kwa mafuta na chokaa nyeupe, akawafundisha kucheza, kupika, na kunyamaza panapostahili. Sheria ya chumba ilikuwa moja: msichana akiwa ndani, mgeni haingii. Salamu, zawadi, hata habari ya msiba, vyote huishia mlangoni kwa Mama Atim, naye ndiye huamua lipi lifike ndani na lini.

Wasichana wa siku hizi hukaa wiki chache, wapate picha nzuri za harusi basi. Nkoyo alikaa miezi. Huyo alikuwa mtoto wa marehemu Ekanem, mdogo wake Mama Atim, na Mama Atim ndiye aliyemlea tangu kitovu hakijakauka, maana yeye mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto. Ekanem alifia hospitali siku aliyomzaa Nkoyo. Mama Atim husema aliuawa na kisu cha daktari. Sisi wengine tunakumbuka kwamba alipelekwa huko amechelewa, damu imeshamwishia nyumbani, lakini nani atamwambia mtu habari za msiba wake?

Nkoyo alitoka chumbani amejaa, anang'aa, na Eyo mumewe, fundi wa majokofu, alipomwona alisahau hotuba aliyokuwa ameikariri. Akaendelea kunenepa baada ya ndoa. Na nisieleweke vibaya: mimi mwenyewe kiti cha plastiki huniogopa, na sijawahi kumcheka mtu kwa mwili wake. Alipendeza, na alijipenda. Shuleni alikofundisha watoto waligombania kumbebea daftari.

Kisha akapata mimba, ya kwanza, na mambo yakaanza kule kliniki.

"Dada Arit," alinisimulia siku moja akinunua mafuta, "mkanda wa kupimia presha umenikataa. Wameuzungusha mkononi, ukabanduka wenyewe, paa! Nesi akazunguka jengo zima kutafuta mkubwa."

Alicheka, nami nikacheka, lakini chupa ya mafuta alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili.

Nesi mwenyewe aliitwa Idara. Hakumkaripia. Alimwambia unene si dhambi, ila sukari yake imepanda tangu abebe mimba, na mtoto tumboni anapata sukari ileile, anakua kupita kipimo. Apunguze wanga na soda, atembee jioni, aje kila wiki. "Tukifuatana hivyo, tutafika salama," akamwambia. Nkoyo alifuata. Nilimwona akipita jioni na Eyo, polepole, wanahesabu nguzo za umeme.

Tumbo lilipokuwa zito akarudi kwa Mama Atim. Kwa watu wa nyumba ile, mimba ya kwanza hurudi kwa wenyewe ikangojewe huko, na Mama Atim akamlaza kwenye chumba kilekile. Simu akaichukua akaiweka kabatini. Mlango ukafungwa. Hapo ndipo sahani zilipoanza kupishana.

"Mama Mkubwa, nesi amesema kipande kimoja cha kiazi kikuu. Hiki ni kilima."

"Nesi gani, yule ufagio? Amezaa wangapi?"

"Hajazaa."

"Basi. Aliyekulea wewe ni nani, yeye au mimi?"

"Ni wewe, Mama Mkubwa."

"Kula. Mtoto analia huko ndani, mimi namsikia."

Nkoyo alikula. Ungemwona ungejua hakuwa na njaa, alikuwa anamwogopa mtu anayempenda. Asubuhi uji wa mahindi na sukari, mchana ekpang, magimbi ya kukuna yaliyofungwa majanini, inayoogelea kwenye mawese, jioni viazi vikuu vya kutwanga na mchuzi wa majani uliojaa konokono. Mawese yalikuwa yangu. Nilimpimia Mama Atim kwa ukarimu nikijiona jirani mwema.

Miguu ya Nkoyo ikavimba. Wiki hiyo hakwenda kliniki. Mama Atim alisema mjamzito aliyevimba hupumzishwa, haburuzwi kwenye foleni.

Alhamisi, nesi Idara akaja mwenyewe. Nilimwona akiteremka kwenye pikipiki, jasho linamtoka, mfuko wa vipimo begani. Alinisalimu, akabisha kwa Mama Atim. Walizungumza kizingitini kwa muda, kisha akaondoka. Mimi niliona hayo tu. Maneno yao aliniambia Mama Atim mwenyewe baadaye, na sina sababu ya kudhani alijipendelea, kwa kuwa yalimwumbua.

"Mama, nimekuja kumwona Nkoyo. Hakuja kliniki, na simu yake haipatikani."

"Amelala."

"Nitamngoja."

"Humu mgeni hangoji, mwanangu. Sema, nitamfikishia."

Nesi alisita. Alikuwa mtoto wa Kiibibio, kabila jirani na letu, anazijua mila zetu, na alilelewa asibishane na mama mtu mzima mlangoni pake. Akasema: "Basi mwambie hivi. Kipimo cha mwisho kinaonyesha mtoto ni mkubwa sana, hasa mabegani. Sukari haijashuka. Daktari anataka aje kesho, kabla uchungu haujaanza. Huenda akapasuliwa. Mama, usiache afikie uchungu nyumbani."

"Atapasuliwa?"

"Huenda. Ni salama kuliko kungoja."

"Nimekusikia," akasema Mama Atim. Akafunga.

Ndani, Nkoyo aliuliza nani alikuwa mlangoni. Mama Atim akajibu kwamba ni muuza samaki, na samaki wenyewe wamechina.

Sikiliza, hakuwa mwanamke mbaya. Aliposikia neno kupasuliwa alimwona Ekanem amefunikwa shuka. Na pia, maana alinikiria hata hili, alifikiri wataambiana nini mjini: kwamba binti wa chumba chake, tena wa damu yake, kashindwa kuzaa wanawake wanavyozaa. Hakuna hata mmoja aliyepita mikononi mwake akapasuliwa, na alikuwa akilisema hilo kwenye kila harusi. Akajiambia: ngoja kwanza, Mungu si Athumani. Ijumaa ikapita. Alimkanda Nkoyo mgongo, akaomba, hakusema kitu.

Jumamosi alfajiri uchungu ukaja. Mchana Nkoyo alikuwa bado anazunguka chumba akishika kuta, na Mama Atim anampaka mafuta tumboni na kumwimbia. Eyo ndiye aliyekuja kuvunja sheria. Alikuwa ameleta matunda, akasikia sauti ya mkewe kutoka barabarani, akasukuma mlango bila kuomba ruhusa ya mtu, nami nikavuka barabara nikamfuata.

"Mama, tangu saa ngapi?"

"Uchungu wa kwanza ni mrefu, mwanangu. Keti."

"Sikai. Dada Arit, nisaidie kumshika upande ule."

Nilifunga kibanda nikaenda nao. Wodi ya wazazi siku hiyo ilikuwa na wakunga wawili tu, na nesi wetu Idara alikuwa mapumzikoni. Walimpima Nkoyo, wakatazamana. Mmoja akakimbia kumwita daktari wa upasuaji, lakini mtoto alikuwa ameshashuka, hakuna tena pa kumrudisha.

Kichwa kilitoka. Halafu kikarudi nyuma kidogo, kikabana, na mtoto hakuja. Mkunga hakupiga kelele. Alisema tu, "Bega limekwama," na jinsi mwenzake alivyotupa alichoshika ndivyo nilivyojua ni jambo kubwa.

"Ninyi wamama! Njooni mshike miguu. Ikunjeni, magoti yaje kifuani. Zaidi. Zaidi!"

Mimi nikashika wa kushoto, Mama Atim wa kulia. Miguu ile ilikuwa mizito na imejaa maji, vidole vyangu vilizama. Mkunga mmoja alibonyeza chini ya tumbo kwa ngumi, mwingine akaingiza mkono kumgeuza mtoto. Uso wa mtoto ulikuwa unageuka rangi ya biringani. Nkoyo alikuwa akisema, "Nisameheni, nisameheni," sijui akimwomba nani. Mama Atim alikuwa anamtazama mtoto yule moja kwa moja. Midomo yake ilitembea bila sauti. Nilidhani anasali.

Akatoka. Dume la kilo tano kasorobo, zito, limelegea. Walimsugua, wakampulizia hewa, mpaka kilio chake kikaja. Kisha Nkoyo akaanza kutoka damu, na kazi ikaanza upya, sindano, chupa za maji, mshipa unaotafutwa kwenye mkono mnene na haupatikani, mpaka Eyo akaitwa kutoa damu yake. Jioni daktari akasema wote wawili wataishi.

"Ila mkono wa kulia wa mtoto," akasema, "haujanyanyuka. Mishipa ya shingoni ilivutika wakati wa kumtoa. Wengi hupona kwa mazoezi. Wengine hubakiwa na udhaifu. Kwa huyu, bado hatujui."

Asubuhi yake nesi Idara alirudi kazini. Nilikuwa kwenye korido na Mama Atim, na kapu la chakula ambalo Nkoyo alikataa kulitazama. Nesi alikuja moja kwa moja.

"Mama. Ulimwambia?"

Mama Atim akaangalia kapu.

"Nimeingia sasa hivi kwake," nesi akaendelea. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Ameniambia, nesi nisamehe, nilikula sana, sikuja kliniki, mwili wangu umevunja mkono wa mtoto. Hajui kama nilikuja."

"Usimwambie," Mama Atim akasema. "Nakuomba, mwanangu. Nina yeye tu."

"Sitamwambia leo, maana ana homa na presha yake haijatulia. Lakini ule mzigo alioubeba si wake, Mama, na unamwona anavyouinamia. Unene wake tungeuweza. Sukari tungeiweza. Mamia ya wanawake wa namna yake wamejifungua hapa, wakaenda nyumbani wakicheka. Mlango wako ndio hatukuuweza." Akashika mfuko wake. "Mimi nami nilipaswa kukataa kuondoka siku ile. Hilo ni langu."

Akaenda. Mama Atim akanigeukia, na hapo ndipo aliponisimulia yote, Alhamisi ile neno kwa neno, pamoja na muuza samaki. Nilitaka kumshika bega. Nilitaka pia kumzaba kofi. Nikafanya nini? Nikafikiria mawese yangu.

Walipotoka hospitali hawakwenda kwa Mama Atim. Eyo aliwapeleka kwake, na Mama Atim akawa anakuja kila asubuhi na sufuria kichwani, anarudi nayo jioni imejaa vilevile. Nkoyo hakula. Alikunywa maji, alionja kijiko kimoja akishurutishwa, basi. Mashavu yalianza kushuka na maziwa yakaanza kupungua, mtoto anavuta analia. Mama mkwe wake, Mama Offiong, alihangaika mpaka akamwita mchungaji.

"Mwili huu umeshiba vya kutosha," Nkoyo alimwambia mchungaji. "Uache utumie uliyoyaweka."

Mama Atim alikuwepo, anapepea mtoto. Aliendelea kupepea.

Siku ya wanawake kuja kumpongeza mzazi, nilikwenda na kitambaa changu kizuri. Tuliimba mlangoni ilivyo desturi, tukamrushia mtoto poda nyeupe, na kila aliyempakata alimsifu uzito. Wakamsifu na Mama Atim. "Huyu ni kazi ya mikono yako, Mama. Mtoto wa nkuho haswa!" Nilimwona akijikunyata kila akisifiwa.

Kisha Mama Offiong akamfunua mtoto ili wamwone vizuri, na mkono wa kulia ukalala pembeni, kiganja kimegeukia nyuma, huku wa kushoto unapiga hewa. Nyimbo zikapungua.

Palikuwa na binamu yake Eyo, mwanamke wa ulimi, asiyeacha shimo bila kuchungulia. "Kumbe ndiyo hivyo," akasema. "Ndugu zangu, kula tule, lakini mtu hali mpaka akamkalia mwanawe tumboni."

Mmoja akacheka, wengine wakaguna. Mama Offiong akamwambia afunge mdomo. Lakini Nkoyo, aliyekuwa ameegemea mto, akaitikia kwa utulivu:

"Mwacheni, anasema kweli. Ni mimi. Nesi alinionya mapema, nikala. Nikaacha kwenda. Kama ningekwenda wiki ile wangeona. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, ni mimi."

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia.

"Ni kweli, Dada Arit. Kila nikimfunga nepi, mkono unaniambia."

Sufuria ilikuwa mapajani mwa Mama Atim, bado ya moto, ameikingia kitambaa. Nilijua anachopima. Ningesema nini mahali pake? Akinyamaza, binti ni wake, na binti anakwisha. Akisema, binti atakula pengine, ila huenda asiwe wake tena. Kwa mwanamke asiye na mwingine duniani hiyo si hesabu ndogo.

"Nesi alikuja," akasema.

Alisema chini, hata binamu mwenye ulimi hakusikia. Akarudia.

"Nesi alikuja nyumbani, Nkoyo. Idara. Alikuja kusema mtoto ni mkubwa, sukari iko juu, uende kesho yake wakupasue kabla ya uchungu. Aliniachia mimi nikuambie. Sikukuambia."

Mtoto alikuwa anapiga hewa kwa mkono wake mmoja.

"Alikuja lini?" Nkoyo akauliza.

"Alhamisi."

"Nilikuwa nimelala?"

Angeweza kusema ndiyo. Nilimwombea, Mungu anisamehe, aseme ndiyo. Lakini alikuwa ameshaanza, na nadhani alikuwa amechoka kubeba hata kipande.

"Ulikuwa macho. Uliniuliza ni nani. Nikakwambia muuza samaki."

Nkoyo alitazama ukuta. Nilimwona akirudi mle chumbani, siku ile, kitandani, akisikia sauti mlangoni na kuridhika na jibu.

"Nilimwogopa daktari," Mama Atim akasema. "Mama yako—"

"Mama yangu simjui," Nkoyo akamkatiza. "Nakujua wewe."

Machozi yalimtiririka Mama Atim, hata hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kwenye sufuria. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakitafuta ndala zao. Binamu ndiye aliyetangulia, na alikuwa na mengi ya kupeleka mjini.

Nkoyo akanyoosha mikono kwa Mama Offiong. "Nipe mwanangu." Akampakata, akauchukua ule mkono mlegevu, akauzungusha taratibu, mbele na juu, kama walivyomfundisha hospitali. Siku zote Eyo ndiye aliyeufanya huo mzunguko. Nkoyo alikuwa hathubutu kuugusa. Aliurudia mara kadhaa. Kisha, bila kuinua macho:

"Dada Arit. Kwako umepika nini leo?"

"Samaki wa kuchemsha tu. Na majani kidogo."

"Niletee."

Nilikimbia. Kwa mwili wangu huu nilikimbia, watu barabarani wakauliza kuna moto wapi. Niliporudi wageni walikuwa wamekwisha, amebaki mama mkwe wake, na Mama Atim palepale alipokuwa, ametoa kifuniko. Alikuwa ameandaa sahani. Mvuke ulikuwa unapanda kati yao wawili.

Nkoyo alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya sahani ile, akapokea bakuli langu. Akala. Alianza polepole kisha kwa njaa ya kweli, akatoa miiba kwa vidole, akanywa mchuzi mpaka chini. Mama Atim alikuwa ameomba kwa siku zote hizo, kanisani na jikoni, kwamba binti huyu ale, na sasa alikuwa akimwona anakula.

"Nikuongezee?" akauliza. Ni mazoea, ulimi ulimtangulia.

Nkoyo akanipa mimi bakuli. "Kama wamebaki, Dada Arit," akasema, "niongezee."